Maganga Aliyemzaa Kalunde

Jumatatu, 2 Juni
Insha za darasa la sita zimekwisha kusahihishwa. Kisha riwaya, sura ya tisa. Mhusika wangu Nyamizi, mtumwa, kafika kambi ya Tura. Tajiri aliyewamiliki huko Tabora kamuuza mwana wa Nyamizi, Kalunde, ambaye hajaacha kunyonya, akapelekwa pwani. Nyamizi katoroka, kanyoa nywele, kafunga kifua, kajiunga na msafara uliofuata. Mapagazi wanadhani ni mwanamume, wanamwita Maganga. Kurasa mbili tu leo. Mgongo unauma.

Alhamisi, 5 Juni
Mhariri kapiga simu kutoka Dar. Kitabu kakipenda. Mwisho hautaki. Maganga akishampata mwanawe, avae kaniki, awe Nyamizi tena. "Wasomaji wanataka mama," alisema. Mama si yupo! Mpaka hapo kaishi miaka saba njiani akiwa Maganga, na ndivyo anavyojijua. Nimepewa wiki mbili. Hasira tupu.

Jumamosi, 7 Juni
Mama kanisikia nikisoma kwa sauti. Hapendi habari za utumwa ndani ya nyumba hii. Bibi yake alinunuliwa. Hilo tu ndilo ninalolijua.
"Watu watatunyooshea vidole, mwanangu."
Imeniuma.

Jumapili, 8 Juni
Ajabu. Mama kaniita uani. "Huyo Maganga wako hujamjua. Anayenyonyesha, akisikia mtoto yeyote analia, maziwa yanamtoka."
Alikuwa mkunga miaka thelathini. Sikuwahi kufikiria kumuuliza.
Nimeiandika sura upya. Mtoto wa mpishi analia kambini. Maganga ana pembe ya ndovu begani, nguo imelowa kifuani. Anawaambia wenzake ni jasho. Nimelia nikiandika. Nikamsomea mama.
"Hapo sawa."

Alhamisi, 12 Juni
Nimemjibu mhariri. Sibadilishi. Nimemtumia sura mpya. Kimya. Naogopa. Miaka minne ya kazi.

Jumamosi, 14 Juni
Siku ya leo sitaisahau.
Nimesoma sura ya tisa ukumbini, hapa Tabora mjini. Watu walizidi viti. Mama alitaka kuja, nikamkalisha mstari wa mbele. Nilipofika penye jasho, mzee mmoja akasimama. "Samahani, mwalimu. Huyu ni mama au mwanamume?" Wengine wakacheka.
Mama akainuka, kashika kiti.
"Ndiye aliyemzaa Kalunde, na jina lake Maganga. Kinakushinda nini hapo? Bibi yangu aliuzwa katika mji huu huu. Angemfuata mwanawe kwa nguo yoyote. Soma, mwanangu."
Vigelegele kutoka nyuma, halafu ukumbi mzima. Yule mzee akaketi, akapiga makofi na yeye. Nilisoma mpaka mwisho. Sauti haikutetemeka hata mara moja.

Jumatano, 18 Juni
Mhariri kapiga. Kasoma sura mara tatu. Mwisho unabaki, kila neno. NIMESHINDA. Nimerukaruka jikoni mpaka mboga zikaungua. Tumezila hivyo hivyo.

Jumapili, 22 Juni
Itetemia, shambani kwa mama. Tumebangua karanga tangu asubuhi. Upepo wa baridi.
Karibu na adhuhuri, bila kuulizwa, akasema bibi yake aliitwa Zafarani. Kwamba alipenda kucheka. Kwamba hakupenda kufungiwa mlango.
Nikauliza kama naweza kuliweka jina hilo ukurasa wa mbele.
"Liandike," akasema, akaongeza karanga kwenye ungo.

Kwa Zafarani.