Sare ya Sendofu ya Jesca

Jumatatu, Tunduma. Manyunyu tangu alfajiri, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na foleni ya malori imerudi nyuma hadi karibu na nyumba yetu. Hasira yangu haijashuka.

Nilikuwa nimepanga kuandika hapa jana, nikiwa nashangilia. Hata maneno nilikuwa nimeshayaandaa. Leo naandika mengine.

Shajara yangu, safari ya Milano nilikusimulia nusu tu. Nilikusimulia lile kanisa kubwa, baridi, na vitambaa ambavyo ukivigusa unajisikia umekosea. Ya Jesca sikuyasema, kwa sababu niliona aibu.

Jesca ni mwenzangu wa darasani, tunasomea nguo na nakshi. Naye ni wa hapahapa, tumekua mitaa ya jirani, na chuo kilipotuchagua kwenda kujifunza Milano tulipangwa chumba kimoja. Kabla hatujaondoka mama yake aliniita akaniambia, "Kamwangalie mwenzio, ninyi ni ndugu." Nikamwangalia. Unga niliobeba kutoka nyumbani tulikula wote.

Siku ya kuonyesha kazi zetu kwenye karakana moja ya vitambaa, mimi nilikuwa kitandani na homa. Nikampa Jesca michoro yangu anipelekee. Kati ya hiyo kulikuwa na mmoja nilioupenda kuliko yote: mafundo ya kamba zinazofunga maturubai ya malori. Mafundo hayo nimeyatazama tangu utoto, magari yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, utingo ameweka mguu kwenye tairi anavuta kamba huku ameuma meno. Kuyafanya yakae vizuri kwenye kitambaa kulinitoa jasho. Nilichora, nikachana, nikachora tena.

Jesca aliuonyesha kama wake.

Akawaambia wazungu kwamba yale ni mawimbi ya Bahari ya Hindi. Bahari yenyewe aliiona mara ya kwanza tulipofika Dar es Salaam kupanda ndege.

Walimpenda. Wakamchapia mchoro ule kwenye hariri, kipande cha kutosha gauni moja, zawadi. Nilipopata nguvu nikaenda kulalamika kwa mwalimu aliyetuongoza. Alinivuta pembeni akaniambia, "Tusitiane aibu ugenini, mama. Mtayamaliza nyumbani."

Sawa. Nikasubiri nyumbani.

Tuliporudi sikumsema popote. Nilimsalimia Jesca, nikacheka naye, nikamwekea kinyongo kizito kama gunia la mahindi mabichi. Kisha akapata mchumba, kijana wa Mkwajuni mwenye fedha za machimbo ya dhahabu, na habari ikaenea kwamba siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, atavaa hariri ya Milano, gauni lisilo na pacha Tanzania nzima. Alilisema mwenyewe saluni, mbele yangu, huku akijitazama kwenye kioo. Hapohapo nikajua nitakachofanya.

Shangazi Enelesi, dada yake baba, anaagiza vitenge China. Ukimpa mchoro, huko kiwandani wanachapa, na mzigo unaletwa mpaka hapa, mwingine unavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Nikampa mafundo yangu. Aliniuliza jambo moja tu, kama ile ni kazi ya mikono yangu, maana shangazi ni mlokole na hagusi cha mtu. Nikamwambia ni yangu. Na ni yangu.

Mzigo ulipofika, iliyobaki ilikuwa sare. Hapa kwetu sendofu bila sare ni kama mkutano wa hadhara; lazima akina mama wavae kitenge kimoja ili ijulikane nani ni wa shughuli. Mama yangu yumo kwenye kamati. Nilimwonyesha kitenge, nikamsifia rangi bila kumwambia mchoro ni wangu, naye akawapelekea wenzake. Wakakipenda. Mama yake Jesca akasema binti asiambiwe, ashtukizwe ukumbini. Nilitaka kumkumbatia yule mama.

Wiki ile nilikuwa na furaha ambayo hata kanisani sikuweza kuizuia. Mchungaji alihubiri msamaha, mimi nikawa namwona Jesca anaingia ukumbini na gauni lake lisilo na pacha, anakuta limevaliwa na shangazi zake, majirani, mpaka wale wanaokoroga pilau huko nyuma. Sikujionea huruma wala sikumwonea yeye.

Jumamosi nikasimama karibu na mlango nisikose kitu.

Akaingia. Hariri inameta, kichwa juu. Kisha akaona. Ukumbi mzima ni mafundo, kuanzia meza ya mbele hadi jikoni. Mdomo ulimshuka. Mkono wa mpambe wake aliushika kama mtu anayetaka kuanguka. Nitakuwa mkweli, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokula Milano.

Utamu wenyewe haukudumu. Mshereheshaji, ambaye hakosi neno, akadaka kipaza sauti: "Mama zangu, mmeona? Mmevaa alichovaa binti yenu. Hebu atuambie mwenyewe hiki kitambaa kimetoka wapi."

Jesca akavuta pumzi. Akanitafuta kwa macho, akanipata pale mlangoni. Kisha akatabasamu, akasema mchoro huu ameubuni yeye Milano, ni mawimbi ya bahari, na hakutegemea kwamba mama zake wangempenda kiasi hiki mpaka wakauchapisha kwa ajili yake.

Vigelegele vilitaka kung'oa bati. Mama yangu naye alipiga, tena vile virefu.

Mchimba kisima hutumbukia mwenyewe.

Shangazi Enelesi hakupiga kigelegele. Alikuja pale nilipo, akaninong'oneza, "Si uliniambia ni chako?" Jana baada ya ibada nikamfuata kwake, nikamweleza yote tangu homa ya Milano. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Kama alikuibia, mbona ulinyamaza mpaka siku ya sendofu yake?" Akanimiminia chai, akabadilisha mazungumzo. Anaona mwizi ni mimi.

Leo nimeshinda dukani kwa mama. Vitenge hapa havina jina mpaka wanunuzi wavipe. Mmoja akisema, wote wanafuata, na likishashika hulitoi tena. Mchana kaingia mama mmoja wa ng'ambo na mwanawe mgongoni, kaangalia rafu, kamuuliza mama yangu kwa heshima ya kwao, "Bamayo, Jesca mnayo?"

Mama wala hakuuliza Jesca gani. Alinyoosha kidole kwenye mafundo yangu, akaniambia nimkatie.

Nikamkatia. Na mwingine aliyekuja baada yake. Jioni mama kamtumia shangazi ujumbe kwamba Jesca inakwisha, aagize nyingine.

Kesho nitafungua duka mapema. Naomba niamke na hasira yangu ileile, maana ikiondoka itabaki aibu, na aibu sijui pa kuiweka.