Magunia Manne Nyuma ya Banda

Baba watoto,

Kuku wape maji. Mtoto akirudi shule, avue viatu nje. ~~Chai ipo kwenye chupa.~~ Chai nimekunywa yote.

Asubuhi nimetoka na jembe langu, nikakuta nyuma ya banda peupe. Magunia manne ya samadi ya kuku, niliyoyajaza kwa mikono hii miezi mitano, hayapo. Nikapiga kelele za mwizi! Jirani akachungulia ukutani, meno yote nje: "Mzee kanipa bure, shemeji. Kasema inanuka, na Jumapili bosi wake anakuja kula."

Inanuka. Na mfuko wa mbolea dukani uliopanda mara mbili, huo pua yako haikuunusa? Unadhani kwa nini mafungu yangu ya mchicha yamekonda, na wateja wananisonya pale mezani sokoni kana kwamba bei naipanga mimi? Samadi ile ndiyo iliyokuwa itusitiri, wewe ukaona aibu.

Nimekwenda kwa jirani kuidai. Ameshaimwaga kwenye matuta yake na kumwagilia juu.

Naenda kwa dada yangu. Nitarudi Jumatatu, bosi wako akishashiba. Usinipigie kuuliza chumvi iko wapi. Iko pale ilipokaa miaka tisa.

Mboga za huyo bosi kanunue kwa jirani. Akikutajia bei, usishtuke wala usibishane naye. Atakuambia mbolea imepanda.

Mama watoto