Mwezi wa Nane wa Kuchagua Kompyuta, na Mama Anasahau

Mshauri wangu mheshimiwa, nakuandikia kwa aibu, lakini mficha uchi hazai, nami ni mtoto wa mkunga. Mama amezalisha wanawake kwa miaka arobaini na mmoja, na aliponiomba niandike yote anayoyajua, watoto waliotanguliza miguu, akina mama waliozimia, dawa na dua, niliahidi kununua kompyuta ndogo ya kukaa gotini kando ya kitanda chake, ila mimi karani wa maktaba ni mtu wa programu huria, sitaki mfumo wa kampuni unaonichungulia, kwa hiyo nikaanza kusoma na kuulizia, na kila nikipata ya inchi kumi na moja naambiwa kibodi yake inabana vidole, nikipata ya kumi na tatu naona si ndogo tena, mwishowe nikanunua moja iliyotumika, ikakubali mfumo wangu, ikaandika vizuri, lakini nikagundua haishiki mtandao bila kiprogramu kimoja cha siri cha kiwandani, nikairudisha dukani, na sasa ni mwezi wa nane, mke wangu ananiambia, “Baba Watoto, hata mimi hukunichagua kwa muda huu,” na mama kila asubuhi anauliza, “Hicho chombo kimefika?” nikisema bado nachunguza ananicheka, “Mwanangu, mimi nilizalisha kwa mwanga wa kibatari, wewe umeshindwa kuandika kwa umeme?” Juzi lakini hakucheka. Aliniita kwa jina la marehemu mjomba, akauliza kama mke wangu ameshajifungua, na mtoto wetu wa mwisho ana miaka tisa. Tafadhali nisaidie: ninunue ya inchi kumi na moja au kumi na mbili?

Mpenda Uhuru

JIBU

Mpenda Uhuru, nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nikitafuta mahali ulipomwuliza mama yako habari za uzazi hata mmoja. Sikupaona. Nilichokiona ni inchi.

Nilipokuwa nikisomesha fiqhi, nilikuwa na mwanafunzi aliyeingiwa na wasiwasi wa udhu. Akinawa mkono anashuku kiwiko. Akirudia kiwiko anashuku kisigino. Wenzake walikwisha toa salamu, yeye yungali kwenye birika la kutawadhia anasugua vidole, na moyoni anajiona mcha Mungu kuliko jamaa wote. Nilimwambia, “Hukuwazidi kwa twahara. Umekosa sala.” Wewe ndiye yeye, isipokuwa hali yako ni mbaya zaidi: sala iliyompita aliweza kuikidhi, kuilipa baadaye. Kumbukumbu ya mama yako ikishakwenda, utaikidhi kwa kitu gani?

Kutaka chombo kisichokuchungulia ni jambo la heshima, wala silidharau. Ninachokidharau ni hiki: ile kompyuta uliyoirudisha ilikuwa inaandika. Maneno ya mkunga aliyelala kitandani hayahitaji mtandao ili yaandikwe. Umeipa talaka kwa kushindwa kazi ambayo hukuinunulia! Kisha waja kwangu umeinamisha kichwa kama mtu aliyeshikilia dini yake. Huo si ucha Mungu, bwana. Huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Basi sikiliza. Inchi kumi na mbili. Swali lako limekwisha. Tia mfumo wako kwenye flashi, nenda nayo dukani, umwombe mwenye duka akuruhusu kuiwasha kompyuta kwa flashi hiyo palepale mezani. Kioo kikionyesha, kibodi ikiandika, betri ikidumu muda wa kikao kimoja, ichukue uondoke. Mtandao ukigoma, uache ugome. Na ikiwa ile ya kwanza bado imo rafuni, chukua hiyohiyo na umwombe radhi muuzaji.

Hayo ni ya Jumamosi, utakapokwenda dukani. Leo, ukishaliweka gazeti hili chini, chukua daftari la karatasi na kalamu mbili ukakae kando ya kitanda. Mwulize mtoto wa kwanza aliyempokea alikuwa wa nani, na kibatari alikishika nani. Akisita, ngoja, usimmalizie maneno. Akichanganya majina, yaandike kama alivyoyatamka. Kurasa kumi zikijaa usiniletee barua nyingine. Msomee yeye.