Unyoya na Tete

Kibra, Jumanne

Nimepata kazi! Bado siamini.

Yule mzungu anayekusanya ndege waliokaushwa alituita watu wawili. Anataka karani wa kuandika majina ya mikia na manyoya kwa Kiingereza. Mwenzangu amesoma misheni, mimi Kiingereza nilikiokota kambini baba alipokuwa askari.

Mzungu akainua unyoya wa mkia. "Neno la Kiingereza peni, yaani kalamu, limetoka wapi?"

"Ulaya, bwana," mwenzangu akajibu.

Mzungu akacheka. Akatueleza kwamba hapo kale neno hilo lilimaanisha unyoya, maana wazee wao waliandikia manyoya ya bata bukini.

Nikajikuta nasema, "Sisi maalim alituchongea kalamu za matete, bwana. Alisema zamani kalamu lilikuwa ni jina la tete lenyewe."

Akanitazama, akayaandika maneno yangu kitabuni, kisha akaniuliza jina langu. Akasema nianze kesho.

Mke wangu Zaituni amefurahi, lakini...

"Utashika ndege wafu kutwa nzima?"

"Ndiyo."

"Basi mikono utanawia nje."

Nitanawia hata mtoni.