Kisima Namba Nne

Tarehe 4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji na mgongo wake wanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Ni mwaka na miezi saba tangu tumzike mama, na tangu siku ile sijakuandikia hata mstari. Nilikukasirikia, sababu unaijua, leo siisemi. Leo nina shida.

Bado niko maabara ya maji. Nashinda na chupa, na kwa kuwa chupa haziniulizi kitu, tunaelewana. Januari nilipima visima vyetu sita, na cha nne kimetoka kibaya. Maji yake ukiyatazama ni maangavu, hayana harufu wala ladha, lakini yamejaa kemikali ya nitreti, na hiyo ni hatari kwa watoto wachanga. Nimerudia kipimo mara tatu. Mitaa miwili inakunywa hapo.

Niliandika ripoti. Mkuu wa maabara akaisoma, akasema, "Aliyepima ndiye atakayeeleza." Kikao ni tarehe 27, ukumbini, watu sitini pamoja na bodi nzima ya maji. Dakika kumi. Nilimwomba anisomee yeye, akasema atakuwa ananinyima haki yangu.

Unajua "k" ilivyo kwangu. Kazini miaka yote nasema "chanzo", sisemi "kisima". Lakini vyanzo ni vingi, dada. Nikizungukazunguka watafunga ambacho sicho. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu unao, na umekaa hapo hapo penye "ki".

Nimeuliza, wamekubali nije na msaidizi. Njoo unisemee, kama zamani dukani. Chumba changu ni kimoja lakini kitanda nitakuachia.

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mgongo umemwachia shemeji yako, sasa analalamikia goti. Mimi nilikuwa na sare za shule za kushona, kola mia mbili, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Huo ni uongo. Kola nilimaliza Ijumaa. Barua yako nimeizunguka kama wewe unavyozunguka maneno.

Siji. Soma mpaka mwisho kabla hujaichana.

Ile sababu uliyoificha nitaisema mimi. Siku ya mazishi ulisimama na karatasi yako, ukafika kwenye "mama", ukakwama. Nikamwona baba mdogo anatazama saa. Nikaona majirani wameinamia viatu vyao. Nikakunyang'anya karatasi, nikaisoma mwenyewe. Watu wakanisifu, eti dada mwenye huruma. Huruma gani? Niliona aibu, basi. Na ile sehemu uliyoandika kwamba wageni wakija mama aliwaambia umelala, kumbe uko macho nyuma ya pazia unawasikiliza, niliiruka. Ulikuwa ubavuni kwangu, ukasikia ninavyoiruka, na hukuweza kunizuia.

Nilianza kukusemea nikiwa na miaka tisa. Siku moja daktari alikuuliza unaumwa wapi, nikajibu mimi: tumbo. Lilikuwa sikio. Ukanywa dawa ya tumbo wiki nzima bila kunisahihisha. Nikija huko nitaitamka "kisima namba nne" vizuri sana, halafu wakiniuliza swali nitawajibu tumbo.

Maji unayajua wewe. Kwa lile la mazishi, nisamehe. Kwa hili la leo siombi msamaha.

Dada yako

*

Tarehe 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua imefika. Sijaichana.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini wote mko salama na goti limepoa. Mimi sijui niseme niko vipi, kwa hiyo nitaeleza tu ilivyokuwa.

Nilisimama saa nne na robo. Jina langu peke yake lilichukua karibu dakika nzima. Halafu nikafika pale penyewe. "Ki, ki, ki." Bwana mmoja mstari wa mbele akasema, "Kiwanda?" Mwingine, "Kituo?" Wa tatu, "Kipimo?" Walikuwa na nia njema, kama watu wanaomsaidia mwenzao kutafuta funguo zake. Kila mara nikatikisa kichwa. Neno "chanzo" lilikuwa limekaa mdomoni tayari, jepesi. Nikalimeza, nikasubiri. Taya ikatetemeka, jicho la kushoto likajifumba kama kawaida yake. Kisha likatoka: kisima namba nne.

Nililisema mara kumi na moja asubuhi ile, na mara zote kumi na moja ilikuwa taabu ile ile. Watu hudhani ukithubutu mara moja ulimi unalegea. Wangu haukulegea.

Dakika kumi zikawa thelathini na mbili. Wengine walitoka kwenda kunywa chai. Mwenyekiti hakunikatiza, ila alikuwa na uso wa mtu aliyebebeshwa mzigo asioujua. Ukurasa wa tano niliuacha, nilikuwa nimechoka.

Nilipomaliza walipiga makofi, wengine wakasimama. Wakanishika mkono mmoja mmoja. "Hongera kwa ujasiri." "Umetutia moyo." Mama mmoja wa bodi alitokwa na machozi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu maji. Mwenyekiti akasema, "Tumepokea," tukaingia kwenye ajenda ya maegesho ya magari, na huko maswali yalimiminika.

Nikarudi maabara nikaosha chupa ambazo zilikuwa safi. Nyumbani nilikaa kitandani, viatu bado miguuni, sijui kwa muda gani. Siku zote nilidhani nikiweza tu kusema, basi. Nimesema yote, dada, na bado niko peke yangu na hicho kisima.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika asubuhi, najibu leo leo. Sisi wazima, salamu nyingine zitasubiri.

Sikupongezi. Nina maswali. Hiyo nitreti imeingiaje kisimani? Mtu akichemsha maji inatoka? Mama mwenye mtoto wa miezi miwili kwenye mitaa ile, leo hii anamnywesha nini? Nani amemwambia? Na ukurasa wa tano ulikuwa na nini?

Usinijibu kwa barua. Barua inakwenda wiki nzima na watoto wanakunywa. Nitapiga simu Jumapili tarehe 19, saa kumi alasiri. Najua simu unaiogopa kama nyoka, yangu hujawahi kupokea hata moja. Hii pokea. Sitakumalizia neno.

Dada yako

*

Tarehe 24 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mimi nipo.

Tuliongea kwa saa moja na dakika arobaini. Mtu mwingine angemaliza kwa dakika ishirini. Mara tatu nilikusikia ukivuta pumzi, tayari kunisemea, na mara tatu nikakusikia ukiimeza. Ulipokata niliendelea kushika simu sikioni kwa muda, ingawa hakukuwa na mtu.

Lile swali lako la kuchemsha lilininyima usingizi. Kuchemsha hakuiondoi nitreti. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, inazidi ukali. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye ukurasa wa tano. Niliuacha kwa sababu ya uchovu, na ndio uliokuwa na maana kuliko zote.

Jumatatu nilikwenda kwa miguu mpaka kliniki ya mtaa wa kwanza. Nilimkuta muuguzi mkuu anawaelekeza kina mama wachemshe maji vizuri. Nikamwomba tusogee pembeni. Nilikwama tangu salamu. Hakuinamia viatu wala hakunitafutia neno. Alishika kalamu yake akangoja, na foleni ikangoja. Nilipofika mwisho hakunipa hongera. Aliuliza, "Kisima kipi?"

Nikamwambia. Ilichukua muda. Akaandika, na alasiri tangazo lilikuwa mlangoni.

Bodi bado haijajibu na pampu inaendelea kusukuma. Kesho nakwenda mtaa wa pili. Huko simjui mtu, na muuguzi ameniambia daktari wao hana subira.

Jumapili tarehe 3 Mei, saa kumi, nitakuwa karibu na simu, kama utakuwa na nafasi.

Mdogo wako