Chausiku wa Kaka Yako Yuko Peke Yake Kwenye Bango

Wifi yangu Saumu,

Nakusalimu nikiwa nimevaa soksi mbili mbili kwa ajili ya theluji. Jana mjukuu wetu Zuhura alinipeleka sinema hapa Saint Louis Park kumwona kwenye filamu mpya yule mwigizaji Mmarekani wa asili ya Kuba, ambaye marehemu kaka yako alimbatiza Chausiku. Unakumbuka filamu yake ya kwanza, alivyocheza mtumishi akafa kabla chai yetu haijapoa? Kaka yako akasema, "Huyu mtamwona." Sasa picha yake iko peke yake kwenye bango.

Niliogopa kumtazama bila kaka yako, aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza cha filamu. Taa zilipozimwa nikajikuta nanong'ona kama yeye, namtungia Chausiku maneno ya kwetu Tanga. Zuhura akanifinya, akasema kwa Kiingereza chake kwamba Chausiku hakusema hivyo.

"Hata babu yako alikuwa anatunga," nikamjibu.

Nyuma yetu mama mmoja wa Mombasa akasema, "Dada, paza sauti kidogo, na sisi twasikiliza."

Nikapaza, wifi, mpaka mwisho, na sikulia. Mungu akutunze, wewe na magoti yako.

Wifi yako, Mama Hadija