Sahihi ya Ndugu Yangu

Kianda, Kibera

Mama,

Natumai mguu wako umepata nafuu na unaweza kupanda kutoka mtoni bila kusimama njiani. Mvua imefika huko? Hapa imenyesha mpaka njia ya kwenda steji ya Olympic tunaipita kwa kuruka juu ya mawe. Mimi mwili uko sawa. Bado natengeneza makochi palepale, na kazi ipo.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia na simu tunazo. Nimepiga mara tatu, Mama. Kila ulipoitikia niliuliza habari za ng'ombe, nikakata. Haya yaliyo moyoni siwezi kuyasema huku nikisikia sauti yako. Ni kuhusu kesi ya Neema.

Unakumbuka tulipomzika mke wangu Wambui, wazazi wake waliniomba Neema akae kwao Kawangware hadi shule zifungwe. Nilikubali, maana mtoto wa miaka sita aliyefiwa na mamake anahitaji nyanya. Shule zikafungwa, nikaenda kumchukua, nikaonyeshwa karatasi pale getini: amri ya korti ya watoto. Walikuwa wamepewa malezi. Hakimu aliandika kwamba niliitwa nikapuuza. Mimi siku hizo nilikuwa Kitengela wiki mbili nikitengeneza viti vya hoteli, na niliporudi, Reuben wetu, ambaye tulikuwa tunakaa naye chumba kimoja, aliniambia hakuna barua iliyokuja. Nilikupigia nikilia. Ukaniambia, "Mungu anaona, mwanangu."

Nikakata rufaa. Kuna wakili mmoja, Bi. Akinyi, ambaye huketi kwenye ukumbi wa kanisa hapa kila Alhamisi kusaidia watu wasio na wakili. Aliniambia rufaa haina mashahidi wapya. Jaji husoma yaliyoandikwa kule korti ya chini, kisha kila upande unampelekea hoja zake kwa maandishi. Akasema atanielekeza, lakini mkono wa kuandika utakuwa wangu.

Niliandika kurasa kumi na moja. Nilieleza jinsi Wambui alivyougua, jinsi nilivyojifunza kumsuka Neema kwa kutazama majirani, jinsi anavyokataa uji mpaka upoe kabisa. Bi. Akinyi alisoma zote kwa utaratibu, kisha akazipiga mstari.

"Josphat, usiniandikie machozi. Jaji hana mahali pa kuyaweka. Niambie hakimu alikosea wapi, na ni ukurasa gani."

Ndipo nikaenda kortini kuchukua mwenendo wa kesi uliochapwa, maneno yote yaliyosemwa siku ile mimi sipo. Niliusomea kazini, nimeketi kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halijavikwa kitambaa. Shahidi wa kwanza alikuwa baba mkwe. Sikushangaa. Shahidi wa pili aliitwa Reuben. Mama, nilisoma jina hilo nikadhani ni Reuben mwingine. Kisha nikaendelea: "Mlalamikiwa ni kaka yangu wa damu. Tunaishi pamoja. Hulewa karibu kila siku. Mtoto alikuwa akishinda njaa."

Mimi, Mama. Mimi ambaye hata chang'aa ya matanga sijawahi kuonja.

Nyuma kabisa kulikuwa na nakala ya ile ilani ya kuniita kortini. Chini yake, mahali pa aliyeipokea, kulikuwa na sahihi. R ile yenye mkia mrefu nilimfundisha mimi, nimemshika mkono, mwaka ambao Baba alikosa nguvu ya kutoka kitandani.

Jumapili nilienda Kawangware. Unajua Reuben alihamia huko kuwa keateka wa ploti ya baba mkwe, kutunza nyumba na kukusanya kodi. Aliniambia alipata hiyo kazi kwa bahati. Nilimkuta getini na funguo mkononi.

"Sasa bro. Umekuja kuona mtoto? Mzee hayuko."

"Nimekuja kukuona wewe." Nikampa karatasi. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mimi ni mlevi, Reuben?"

"Nina watoto watatu nyumbani," akasema. "Mzee alisema kuna kazi na kuna nyumba, anataka tu mtu wa kuongea kortini. Na Neema anakaa poa huku, ana rum yake mwenyewe. Wewe ungempea nini kwa hiyo keja ya chumba kimoja?"

"Baba yake."

Aligeuza funguo mkononi. Nikadhani ataomba msamaha, na nakwambia kweli, pale pale ningempa. Badala yake akasema, "Usiniangalie hivyo. Hata Mathe anajua. Nilimwambia kabla niende korti. Alisema afadhali mtoto akae pazuri na mimi nipate kazi. Alisema wewe utaoa tena."

Nilitaka kusema anadanganya, Mama, nikakumbuka ulivyonyamaza kidogo kwenye simu kabla ya kusema Mungu anaona.

Neema alisikia sauti yangu akatoka mbio. Amekuwa mrefu, viatu vinambana. "Umekuja kunichukua?" Nikamwambia bado, naandika barua kwa jaji. Akanitazama kama anayemtazama mtu mvivu. "Basi andika haraka."

Alhamisi nilimpelekea Bi. Akinyi ukurasa ule wenye sahihi. Alisoma akagonga meza kwa kidole. "Hii ndiyo hoja. Mtu aliyepokea ilani yako ndiye aliyekuja kutoa ushahidi dhidi yako, na hakimu hakumuuliza swali hata moja kama alikupa." Kisha akapunguza sauti. "Lakini fikiria. Kesi ikianza upya, ndugu yako ataitwa. Akidanganya tena akashikwa, anaweza kufungwa. Tuiweke ama tuiache?"

Aya hiyo ina mistari mitano tu. Ilinichukua siku tatu. Kila nilipofika kwenye maneno "ndugu wa mrufani", yaani ndugu yangu mimi, niliweka kalamu chini nikarudi kupiga misumari. Mwishowe niliiweka. Nataka ujue niliiweka mimi, sikusukumwa na wakili.

Wiki jana jaji alisoma uamuzi. Alisema mtu hawezi kunyang'anywa mtoto bila kusikizwa. Kesi inarudi kwa hakimu mwingine ianze upya, na mpaka hapo Neema atakuwa nami Jumamosi na Jumapili. Tulitoka nje, na watu wengine walioshinda siku hiyo walikuwa kwenye korido wakipiga simu makwao, wakicheka, wakilia. Na mimi nilitoa simu. Nikaishika mpaka Bi. Akinyi akaniuliza nangoja nini. Sikuwa na wa kumpigia.

Reuben hajanitafuta. Nasikia anasema nimemuuza. Labda amekupigia akakuambia hivyo, na labda unajiandaa kuniambia damu ni nzito, nimsamehe. Usiniambie hayo kwa sasa. Mtu akikukanyaga huwezi kumsamehe kabla hajaondoa mguu.

Wasalimie wote pale nyumbani. Shangazi mwambie dawa ya kifua nitaituma na mtu akija. Mke wa Reuben mwambie sina neno naye, na wale watoto wake watatu ni wanangu kama zamani. Mchungaji mwambie aendelee kumtaja Neema katika maombi, lakini asimweleze mtu habari hizi.

Neno la mwisho, Mama. Hakimu mpya atataka mtu wa ukoo wetu aeleze mimi ni baba wa namna gani. Wakili aliniuliza nani, nikaandika jina lako. Sikuombi uje kunitetea. Njoo useme ulichokijua na siku uliyokijua, nami nikiwa nimeketi pale nakusikia.

Ni mimi mwanao uliyemzaa kwanza,

Josphat